Je, Peter Jackson alimharibu Faramir?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Filamu tatu za The Lord of the Rings nimezitazama tangu niko kidato cha pili, kwanza kwenye kibanda cha video zikisimuliwa kwa Kiswahili, baadaye kwa lugha yake. Mwaka huu ndiyo nimekimaliza kitabu, na nimebaki na kinyongo. Faramir, yule nahodha wa Gondor anayewashika Frodo na Sam wakiwa njiani kwenda kuiharibu Pete ya Sauron, bwana wa giza wa Mordor, kitabuni ni mtu mwingine kabisa! Rafiki zangu wamegawanyika: wapo wanaosema filamu zimekivuruga kitabu, na wapo wanaosema kitabu kinachosha, Jackson ndiye aliyekiokoa. Wewe unayehariri miswada ya filamu unasemaje? Halafu binti yangu ana miaka kumi na miwili. Nimwanzishie kitabu au filamu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa Faramir niko upande wako, na nitaeleza kwa nini. Lakini hao wenzako wanaomtetea Jackson nao hawajakosa kabisa. Kuna mahali filamu imekipita kitabu, na nitapataja bila kuona haya, ingawa mapenzi yangu yalianzia kwenye kurasa.

Kwanza tuangalie ukubwa wa mzigo wenyewe. J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, alikitoa kitabu hiki kwa mafungu matatu kati ya Julai 1954 na Oktoba 1955. Ni zaidi ya kurasa 1,000, na hapo sijahesabu viambatisho vyenye nasaba, kalenda na alfabeti za lugha alizozibuni mwenyewe. Filamu tatu, kama zilivyoingia kwenye majumba ya sinema Desemba ya 2001, 2002 na 2003, zina saa tisa na dakika kadhaa kwa jumla. Na hata saa hizo tisa nusura zisipatikane. Peter Jackson na wenzake Fran Walsh na Philippa Boyens walianza na mpango wa filamu mbili kwa kampuni ya Miramax. Fedha zilipokuwa ngumu, Miramax ikataka kila kitu kiingie kwenye filamu moja. Wakaondoka, wakabisha hodi New Line, na mkuu wa New Line, Bob Shaye, akawauliza kwa nini wanaomba filamu mbili wakati mafungu ya kitabu ni matatu. Ingekuwa moja, huenda leo usingekuwa na Faramir wa kumlalamikia.

Kwa hiyo kuorodhesha vilivyokatwa hakutufikishi popote, lazima vikatwe. Mimi ninapoletewa mswada uliotokana na riwaya huwa nauliza jambo moja: tukio hili kitabuni lilikuwa na kazi gani, na sasa kazi hiyo imekabidhiwa nani? Tukio likiondolewa na kazi yake ikabebwa na jingine, hakuna aliyedhulumiwa. Balaa ni pale tukio linapobaki, tena limepambwa na muziki juu yake, ila kazi yake imepotea njiani na hakuna aliyeiokota.

Mchukue Tom Bombadil, yule mzee mwimbaji wa msituni ambaye wapenzi wa kitabu wamemlilia zaidi ya miaka 20 sasa. Mimi simlilii. Hadithi ya Pete haimtegemei, na mbele ya kamera angesimamisha safari ambayo ndiyo kwanza imeanza. Lakini pamoja naye lilikatwa kaburi la kale ambako mahobiti, yaani Frodo, Sam, Merry na Pippin wa jamii ya watu wafupi, wanapata visu vyao, na hilo linauma kidogo. Kitabuni, kisu cha Merry kilifuliwa zamani na watu waliokuwa wakipigana na huyo huyo mfalme wa Wapanda Farasi Weusi, watumishi wa Sauron, na ndiyo maana Merry anapomchoma nyuma ya goti uwanjani Pelennor, uchawi wake unavunjika. Kwenye filamu mahobiti wanapewa panga tu na Aragorn, mwongozaji wao njiani, usiku, kama mtu anavyogawa tochi. Pigo la Merry limebaki, sababu yake haipo. Watazamaji wengi hawagundui, kwa kuwa Éowyn, binti shujaa anayemuua mfalme huyo, yupo pale na macho yote yako kwake. Hasara ndogo, tuendelee.

Tolkien mwenyewe aliwahi kuonja jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani fulani walimletea muhtasari wa filamu ya katuni, na mwaka 1958 akaandika barua ndefu ya kuuchambua ukurasa kwa ukurasa, kwa hasira iliyovaa suti. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba filamu mbaya nyingi huharibika kwa kutia chumvi na kwa kuingiza mambo yasiyotakiwa, kwa sababu watengenezaji hawakuona kiini cha kazi ya awali kiko wapi. Na kwenye barua hiyo hiyo kuna kitu kitakachokushangaza wewe uliyekulia kwenye filamu. Anasema kama hakuna nafasi ya kutosha kwa Ents, wale wachunga miti, na pia kwa mapigano ya ngome ya Helm's Deep, basi kikatwe kimoja, na kikatwe Helm's Deep! Kwake hayo yalikuwa mapigano ya pembeni, na vita vikubwa vingekuja baadaye, na vita, alilalamika, vina tabia ya kufanana. Sasa wewe niambie, ukimwamsha usingizini mtu aliyeitazama filamu ya pili kwenye kibanda chako cha Tanga, atakumbuka nini? Mvua, ngazi, na ule ukuta unaolipuka. Sura moja ya kitabu imegeuzwa kuwa kilele cha filamu nzima.

(Huyu mzee hakuwa mgeni wa biashara, usidhani. Msimamo wake na mchapishaji ulikuwa kwamba watu wa sinema ama wamlipe fedha za maana kweli, ama wampe kura ya turufu juu ya mabadiliko. Haki za filamu aliziuza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa United Artists, na akafariki 1973 bila kuona filamu yoyote ya kitabu hiki.)

Je, hiyo Helm's Deep ni kosa? Hapana, sioni hivyo. Filamu ya pili isiyo na mwanzo wala mwisho ilihitaji mahali pa kufikia, na Jackson alipajenga kwenye machimbo ya kokoto nje ya Wellington, kisha akapiga picha usiku baada ya usiku. Sinema ina uwezo wa kuonyesha kitu kikubwa kikija kutoka mbali, na kwa hilo Tolkien hana cha kumshinda. Angalia mioto ya ishara ya Gondor. Kitabuni ni mistari michache: mchawi Gandalf na Pippin wako juu ya farasi usiku, wanaiona ikiwaka, Gandalf anaitaja majina, basi. Kwenye filamu ya tatu moto unarukia kilele hadi kilele juu ya milima ya New Zealand, muziki wa Howard Shore unapanda nao, hakuna anayesema neno, na mimi kila mara nywele zinanisimama. Ila ona bei iliyolipwa. Kitabuni aliyeagiza mioto iwashwe ni Denethor, mtawala wa Gondor na baba yake Faramir, mtu mzito mwenye akili kali anayekata tamaa kwa sababu ameona mengi mno kupitia jiwe la kuonea mbali. Ili Pippin apate nafasi ya kupanda na kuwasha, ilibidi Denethor akatae. Kuanzia hapo amekuwa mzee mpumbavu, anatafuna nyanya huku mwanawe akienda kufa. Tukio limeng'aa, mtu ameshuka. Shikilia hapo, kwa sababu ndipo malalamiko yako yote yanapoanzia.

Kabla sijafika kwa Faramir, nimpe Jackson haki yake. Kifo cha Boromir, kaka yake Faramir na mmoja wa wasafiri wenzake Frodo, kitabuni kinatokea pembeni: Aragorn anakimbia, anafika amechelewa, anamkuta ameegemea mti na mishale mwilini, anaungama kwa maneno machache. Filamu imetuonyesha mapigano yenyewe, mshale wa kwanza, wa pili, wa tatu, na Boromir anainuka tena. Tena wamelitoa tukio hilo mwanzoni mwa fungu la pili wakaliweka mwishoni mwa filamu ya kwanza, mahali pake hasa. Na yale mazungumzo ya Gandalf kuhusu huruma ya Bilbo, mzee wa Frodo aliyemwacha hai Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na Pete, kwamba wapo waliokufa wanaostahili kuishi, na je, wewe unaweza kuwarudishia uhai? Kitabuni yako sebuleni kwa Frodo, mapema, kabla Gollum hajaonekana hata kivuli. Filamu imeyahamishia gizani kwenye mapango ya Moria, na Gollum yuko pale chini anawafuata. Maneno yale yale, kazi ile ile, lakini sasa anayezungumziwa unamwona. Huo ndio uhariri. Mwandishi wa mswada akinifanyia hivyo namnunulia chai.

Sasa Faramir.

Fungua tena fungu la pili, ile sura ya pango lililofichika nyuma ya maporomoko ya maji. Frodo na Sam wameshikwa na askari wa Gondor. Nahodha wao ni mdogo wake Boromir, na Boromir alijaribu kumpokonya Frodo Pete saa chache tu kabla ya kufa. Msomaji analijua hilo, Faramir hajui, na taharuki yote iko hapo. Anawauliza polepole, kwa adabu, kama hakimu asiye na haraka. Njiani ameshasema kwamba kitu hicho ndugu yake alichokuwa akikifuata, hata kingekuwa kimelala barabarani, yeye asingekiokota. Anawapa chakula na divai. Ndipo Sam, kwa tumbo lililoshiba na ulimi uliolegea, anaropoka kwamba Boromir aliitaka Pete ya Adui. Faramir anasimama. Ni mrefu, macho yanameta, anasema imempata bahati nahodha wa Gondor kuonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Frodo na Sam wameruka kutoka vitini, migongo ukutani, wanapapasa vipini vya panga. Askari pangoni wameacha mazungumzo, wanawatazama kwa mshangao. Kisha Faramir anaketi na kuanza kucheka taratibu, halafu uso unarudi kuwa mzito. Anawaambia kwamba yale maneno ya njiani aliyasema bila kujua kitu chenyewe ni nini, lakini yeye anayahesabu kuwa kiapo, na yatamfunga.

Hakuna upanga uliochomolewa. Mtu ameketi, basi. Na kwangu ni moja ya sehemu zinazotia hofu kuliko zote kitabuni, kwa sababu kwa pumzi mbili tatu hujui ataangukia wapi.

Filamu imechukua maneno hayo hayo ya nahodha kuonyesha ni mtu wa namna gani, ikayaweka mdomoni mwa Faramir huku ncha ya upanga wake ikiinua mkufu shingoni mwa Frodo. Kisha anawafunga na kuwaburuta hadi magofu ya mji wa Osgiliath ili ampelekee baba yake zawadi. Mwisho anawaachia, ndiyo, lakini baada ya kumwona Frodo akienda kama mtu anayetembea usingizini mbele ya yule mtumishi wa Sauron aliyepanda mnyama wa mabawa. Na hapa niulize kama mpenzi wa kitabu, si kama mhariri: yule mtumishi amemwona hobiti uso kwa uso, Pete mkononi, mpakani mwa Mordor. Hakwenda kumwambia bwana wake? Kwenye filamu ya tatu mpango mzima wa Aragorn mbele ya Lango Jeusi la Mordor unategemea Sauron asijue Pete iko wapi. Nimesikia hoja za kila aina za kuwatetea. Hakuna iliyonituliza.

Waandishi wa filamu walijieleza, na ni haki tuwasikilize. Sababu yao ya kwanza: tumetumia saa tano kumwambia mtazamaji kwamba Pete hii inampotosha kila mtu, sasa akitokea mmoja wa kusema “mimi siitaki”, Pete itakuwa imevuliwa nguvu. Ya pili: buibui Shelob alihamishiwa filamu ya tatu, kwa hiyo safari ya Frodo kwenye filamu ya pili ilibaki bila kilele, ikabidi litafutwe la kuwaweka hatarini.

Sababu ya pili naipokea. Shelob kitabuni anamaliza fungu la pili, lakini ukifuata kalenda ya Tolkien mwenyewe kwenye viambatisho, mapigano ya Helm's Deep ni usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Machi, na Shelob ni tarehe 12, siku tatu tu kabla ya vita vya Pelennor. Filamu inayoruka huku na huku kati ya makundi mawili lazima ipange hivyo, la sivyo tungemwona Frodo amefika mlangoni mwa Mordor wakati wenzake bado wako wiki nzima nyuma.

Ya kwanza siipokei, na ushahidi uko ndani ya filamu yao wenyewe. Kumbuka mwisho wa filamu ya kwanza. Frodo anamkabili Aragorn kwenye magofu, anafungua kiganja, Pete iko pale. Aragorn anapiga goti, anaitazama, anaisikia ikimwita, kisha anavikunja vidole vya Frodo juu yake na kumrudishia. Tukio hilo halimo kitabuni! Wamelitunga wao. Na Gandalf ameikataa kwa woga, Galadriel, bibi mkuu wa Elves wasiokufa, ameikataa huku akitetemeka. Je, kuna hata mmoja aliyetoka sinema akisema Pete imepoteza nguvu kwa sababu Aragorn ameikataa? Kinyume chake, tulimwogopea na tukampenda. Kumbe walikuwa wanajua kuifanya kazi hii. Kwa Faramir hawakuthubutu.

Tena kwa mtu mbaya wa kumkosea. Mei 1944 Tolkien alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akipata mafunzo ya jeshi la anga, akamwambia kuna mhusika mpya amejitokeza. Hakumbuni, alisema, hata hakuwa anamtaka, amekuja tu anatembea katika misitu ya Ithilien: Faramir, ndugu yake Boromir. Miaka mingine baadaye akaandika kwamba kama kuna mhusika yeyote anayefanana naye, basi ni huyo, isipokuwa yeye Tolkien hana ushujaa walio nao wahusika wake. Na haya anayasema mtu aliyekuwa kwenye mahandaki ya Somme mwaka 1916.

Ukiitaka filamu imtendee Faramir haki kidogo, tafuta toleo refu la filamu ya pili. Kuna tukio la kumbukumbu ambamo Denethor anampuuza Faramir mbele ya jeshi zima na kumtuma Boromir akamletee Pete. Ukiliona hilo, yale ya Osgiliath yanakuwa ya mtoto anayetafuta kukubaliwa na baba. Bado si mtu wa kitabuni, lakini sasa ni mtu.

Kilichomtokea Faramir kimewatokea na wengine, na ndicho ninachotaka uondoke nacho ukirudia kuzitazama. Palipo na mlima, jeshi au kifo, filamu hizi hazina mpinzani. Palipo na mtu mmoja anayesimama kimya na kusema hapana, zinaingiwa na wasiwasi, zinaongeza mbio. Pale kivukoni karibu na Rivendell, Frodo wa kitabuni yuko peke yake juu ya farasi wa kuazimwa, jeraha linamgandisha bega, ng'ambo wamesimama Wapanda Farasi tisa wanamwita. Anageuka, anainua upanga, anawaambia hawataipata Pete wala yeye. Upanga unavunjika mkononi. Kwenye filamu Frodo anakoroma kama mgonjwa wa malaria mikononi mwa Arwen, binti wa Elves mpenzi wa Aragorn, na Arwen ndiye anayewajibu. Sina ugomvi na Arwen kupewa upanga. Kitabuni anaonekana kwa nadra mno na filamu ilihitaji mapenzi yake yawe na mwili. Lakini ujasiri aliopewa umetolewa mfukoni mwa Frodo, na Frodo hakurudishiwa mahali pengine popote. Ndiyo maana watu wengi waliotazama tu husema Frodo ni mnyonge na Sam ndiye shujaa. Wao hawana kosa, ndivyo walivyoonyeshwa.

Baya zaidi kuliko la Faramir, kwangu, ni ngazi za Cirith Ungol, njia ya mlimani ya kuingilia Mordor. Kitabuni Frodo na Sam wamechoka, wameongea kuhusu hadithi za zamani na kama wao nao wataimbwa siku moja (mazungumzo hayo filamu iliyageuza kuwa hotuba ya Sam kule Osgiliath), kisha wamelala. Kichwa cha Frodo kiko mapajani mwa Sam. Gollum anarudi kutoka kupanga njama na buibui, anawakuta hivyo. Anawatazama. Ule mng'ao machoni unafifia. Anageuka kutazama njia ya mlimani alikotoka, anatikisa kichwa kama anayebishana na nafsi yake, anarudi, ananyoosha mkono unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo, taratibu, karibu na kubembeleza. Mtu angemwona wakati ule, Tolkien anasema, angedhani ni hobiti mzee aliyechoka. Sam anazinduka, anamwona Gollum akimshikashika bwana wake, anamfokea: unatoroka unarudi, mzee mwovu wewe. Gollum anajikunja, mng'ao wa kijani unarudi. Imekwisha. Sam hakufanya ubaya wowote ambao mimi au wewe tusingeufanya, na nafsi moja imepotea hapo.

Badala yake filamu imetupa makombo ya mkate. Gollum anautupa mkate bondeni, anampakaza Sam makombo, Frodo anaamini, anamfukuza Sam, na Sam, aliyeapa hataondoka, anaanza kushuka akilia. Najua kwa nini: walitaka Frodo aingie pangoni kwa Shelob peke yake. Lakini ili kupata dakika chache za woga wamemfanya Frodo mjinga, na wamempa Gollum hila ndogo ndogo za jikoni mahali alipokuwa na uchungu mkubwa kuliko wote. Na hawa ndio walioandika yale majibizano ya Gollum na Sméagol, nafsi yake nyingine, kamera ikikata upande huu na ule kama watu wawili, kazi bora ya mwigizaji Andy Serkis! Mikono ilikuwepo.

Lingine nitaligusa tu. Kitabu hakiruki kutoka kundi hadi kundi. Kinafuata wa huku hadi mwisho, kisha kinarudi nyuma kufuata wa kule. Kwa hiyo mjumbe wa Sauron anapotoa vazi la chuma la Frodo mbele ya Lango Jeusi, msomaji aliachwa na Frodo mikononi mwa maadui na hajui zaidi ya hapo. Moyo unasimama. Filamu inayochanganya safari mbili haiwezi hilo, mtazamaji ameshamwona Frodo akiwa huru. Walimpiga picha yule mjumbe, wakamwondoa kwenye toleo la sinema, na walikuwa sahihi. Anapatikana toleo refu, ni burudani, lakini hamtishi mtu.

Na kurudi nyumbani? Kitabuni mahobiti wanne wanaikuta Shire imetawaliwa na majambazi, miti imekatwa, na aliye nyuma ya yote ni Saruman, mchawi msaliti aliyeishiwa. Wanapigana, safari hii bila Gandalf. Filamu imeikata sura hiyo yote, na badala yake wanne wanakaa kilabuni, wanatazamana, wanainua vikombe, na hakuna mtu pale anayejua walikotoka. Nimebishana na nafsi yangu sana juu ya hili. Kwa kanuni yangu ya kazi ya tukio, kimya kile kimebeba nusu: kwamba waliorudi si wale walioondoka. Nusu nyingine, kwamba vita havina kijiji kisichofika, imedondoka. Tolkien asingekubali. Mimi nimekubali shingo upande, kwa kuwa baada ya Mordor sioni mtazamaji gani angeketi kwa vita vingine.

Christopher Tolkien, aliyetumia maisha yake kuhariri karatasi za baba yake, alisema mwaka 2012 katika mahojiano na gazeti la Le Monde kwamba filamu hizi zilikitumbua kitabu matumbo na kukifanya filamu ya mapigano ya vijana. Naielewa hasira yake kwa Faramir na kwa zile ngazi. Kwa Boromir, kwa mioto, kwa Moria, siielewi.

Kuhusu binti. Usimwanzishie kitabu hiki, wala filamu zake. Mwanzishie The Hobbit, kitabu cha 1937 ambacho Tolkien aliwaandikia watoto wake. Ni chembamba, kina vichekesho, na Gollum anaingia kwa mafumbo gizani. Kiingereza chake kikimpa taabu, msomee wewe sura moja usiku mmoja na umsimulie kwa Kiswahili palipo pagumu; umekulia kibanda cha video, kazi hiyo unaijua. Zile filamu tatu za The Hobbit za 2012 hadi 2014 ziacheni kando kwanza, kitabu kidogo kimevutwa pande zote hadi kikatatuka. Baada ya hapo mtazame naye filamu ya kwanza ya Pete, toleo la kawaida. Ya pili mtafutie toleo refu kwa ajili ya Faramir. Ya tatu ina Shelob, na kama anaogopa buibui mwambie mapema na mtazame mchana. Toleo lake refu linapita saa nne, kwa hiyo ligaweni siku mbili.